Nani Anaifyeka Njia ya Kwitutu?

Mvua ya masika haihitaji sururu. Ikipiga usiku mmoja tu juu ya mlima Kwitutu, asubuhi njia ya miguu iliyokuwa imara imeshapasuka katikati kwa ufa wa kina cha kiganja. Baada ya wiki mbili ufa huo unameza kifundo cha mguu. Msimu ukiisha hakuna njia tena, kuna korongo, na pembeni mwa korongo watu wameshajikanyagia njia ya pili, kisha ya tatu, kila moja ikiua majani mapya na kuchimba korongo lake. Msitu unaweza kuliwa hivyo bila shoka hata moja kuinuliwa.

Mhadhara huu unahusu watu wanaopanda mlima na majembe kabla mambo hayajafika huko. Wengi wao hawalipwi. Wala hawana jina moja: mahali pengine huitwa wanachama, pengine maskauti, pengine waongozaji wageni, na mara nyingi ni wanakijiji tu waliochoka kuteleza. Dai lake ni jepesi kulitamka na gumu kulitekeleza. Msitu uliohifadhiwa hulindwa na njia yake kuliko uzio wake, lakini anayeishika njia hiyo kwa kujitolea hudumu pale tu anapokuwa na haki fulani juu ya msitu wenyewe. Akipewa fulana na soda peke yake, atafyeka mara mbili. Ya tatu hamwoni.

Mlima huo wa Kwitutu uko Mfangano, kisiwa cha Kaunti ya Homa Bay, Kenya, kwenye mdomo wa Ghuba ya Winam, pale ghuba inapofunguka na kuwa Ziwa Viktoria lenyewe. Ukubwa wa kisiwa ni kilomita za mraba 65 hivi, na sehemu kubwa ya hizo ni mlima. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kwitutu kinakaribia mita 1,700. Anayeondoka ufukweni asubuhi kwenda kileleni anapanda zaidi ya nusu kilomita wima, juu ya miamba iliyomwagwa na Kisingiri, volkano ya kale iliyozimika zamani za zamani. Siku hizi kuna barabara ya kuzunguka kisiwa na bodaboda zinaunguruma mchana kutwa. Lakini barabara inafuata ufuo. Mashamba ya juu, chemchemi, malisho, miti ya dawa na mapango yenye michoro, vyote bado vinafikiwa kwa miguu.

Na ufuo wenyewe umekwisha kuonyesha kwamba hauaminiki. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mafuriko ya mwanzo wa miaka ya 1960, yale yaliyokuja pamoja na uhuru. Nyumba za pwani, mialo ya samaki na vichochoro vya fukwe nyingi za Homa Bay viliingia maji. Njia ya chini ikizama, ya juu inakuwa ndiyo njia.

Wenyeji wa hapa ni Abasuba, Wabantu ambao masimulizi yao yanasema mababu walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda katika karne ya 18, wakikimbia misukosuko iliyofuata kuuawa kwa Kabaka Junju wa Buganda. Leo wengi huzungumza Kijaluo kuliko Kisuba. Hata hivyo Kisuba kimeacha alama yake mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2015 wanasayansi walipohitaji jina la jenasi ya manyani wakubwa wa kale waliochimbuliwa Rusinga na Mfangano, walichukua neno la Kisuba: Ekembo. Mwaka mmoja kabla, watafiti walikuwa wamechapisha ushahidi wa visiki na mizizi iliyogeuka mawe huko Rusinga, ukionyesha kwamba mnyama huyo aliishi ndani ya msitu mnene, miaka milioni 18 hivi iliyopita. Manyani wa namna hiyo hawapo tena kisiwani, na msitu mnene umebaki viraka. Neno limesalia.

Ni nani hasa anayepita njia ya mlimani? Vipeperushi vya utalii hujibu haraka: mgeni mwenye kofia na kamera. Mpitaji wa kila siku ni mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, na huyo ndiye anayepaswa kuwa kipimo. Mfyekaji anayemfikiria mgeni hukata matawi yaliyo usawa wa kichwa, akapangusa panga, akasema kazi imekwisha. Anayemfikiria mama mwenye kuni hukata nusu mita zaidi kwenda juu na nusu mita zaidi kila upande. Mzigo wa kuni hulazwa kwa upana. Tawi moja likiunasa, mwenye mzigo huzungushwa kama mlango kwenye bawaba, na kama upande wa pili ni genge, hapo ndipo ajali inapozaliwa. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni dakika chache za panga kwa kila mti. Lakini lazima anayeshika panga awe amewahi kubeba kuni, au awe amemsikiliza aliyewahi.

Kuna mmea mmoja unaowatesa wafyekaji wa pande hizi kuliko yote: lantana, ambayo Wajaluo huiita nyabend winy. Ni mgeni kutoka Amerika ya joto, aliyeletwa kwa sababu ya maua yake mazuri, kisha akaruka ua wa bustani na kujitwalia nchi. Ndege hula tunda lake na kuitawanya mbegu. Hupenda mwanga, na njia ni mwanga. Kwa hiyo njia iliyofunguliwa na kuachwa huwa mlango wa kuingizia lantana msituni: leo pamefyekwa, mwaka kesho pameshikwa na miba, mwaka wa tatu hata mbuzi hapiti. Kuifyeka kwa fyekeo ni kuipogoa tu. Huchipua upya kwa hasira. Dawa yake ni kung'oa shina na mizizi, kidogo kidogo, hasa kwenye mteremko mkali, kwa maana hata mizizi ya mvamizi huwa inashika udongo. Anayeing'oa yote kwa siku moja kwa kujionyesha huiachia mvua uwanja mtupu.

Mvua ndiyo adui mkubwa. Yeyote aliyewahi kutunza njia ya mlimani, awe Mfangano, Udzungwa au milima ya Uskoti, atakubali kwamba kazi hii kwa sehemu kubwa ni kushughulika na maji, na kwa sehemu ndogo tu ni kushughulika na majani. Mafundi wana kipimo cha kukadiria: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima inaoupita. Ukizidi hapo, maji hayataona njia, yataona mfereji uliochimbwa kwa heshima yao. Ndiyo sababu njia ya zamani iliyokanyagwa na ng'ombe mara nyingi huwa bora kuliko ile iliyopimwa na kijana mwenye haraka: ng'ombe huukata mlima kwa ulalo, kijana huupanda uso kwa uso.

Uso wa njia huinamishwa kidogo kuelekea bondeni, kiasi cha sentimita tano kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Penye mwinuko usioepukika huwekwa kizuizi cha mawe au gogo, nacho kilazwe kwa mshazari. Kikikingama moja kwa moja, maji hutuama, huleta tope, na mvua ya tatu huruka juu yake kama mtoto anayeruka kamba. Kikilazwa kwa mshazari, maji hupinda yakaenda pembeni yenyewe. Kisha kuna tundu la kutokea, upande wa chini, upana wa jembe moja au mawili. Hapo ndipo panapoziba kwanza. Majani makavu mawili, kijiti, kokoto, udongo, na kizuizi chote kilichochukua siku nzima kujengwa kimegeuka mapambo. Kuzibua tundu hilo ni kazi ya dakika tano. Ila ni dakika tano baada ya kila mvua kubwa, kwa kila tundu, na kwenye kilomita moja ya njia ya mlima matundu yanaweza kuwa kadhaa.

Mzee anayeijua kazi hii akimfundisha kijana hamkabidhi jembe siku ya kwanza. Humchukua mlimani mvua ikiwa inanyesha.

"Jaduong', tutalowa," kijana atalalamika.

"Tulowe, nyathina. Ukija kesho jua likiwaka, kila mtu atakuambia lake. Leo maji yenyewe yanasema."

Watatembea na fimbo, wakiweka alama pale maji yanapoingia njiani na pale yanapotaka kutoka. Siku ya pili ndiyo ya jembe.

Kuhusu mawe, watu wa Homa Bay hawana haja ya kwenda shule mbali. Ng'ambo ya maji, Kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, iko Thimlich Ohinga: maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kugandisha, yenye kuta za urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa wastani wa mita moja. Inaaminika yalijengwa karne ya 16. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Fundi akiyatazama kwa karibu ataona safu ya nje, safu ya ndani, na kati yake mawe madogo yaliyoshindiliwa, yote yakiumana kiasi kwamba uzito wenyewe ndio gundi. Ngazi nzuri ya mawe kwenye njia ya mlima hujengwa kwa akili hiyo hiyo: jiwe la juu likalie ukingo wa jiwe la chini, na sehemu kubwa ya kila jiwe iwe imezikwa mlimani. Jiwe lililowekwa juu ya udongo kama sahani mezani litateleza na mtu juu yake.

Mgeni huondoka Thimlich akishangaa ujenzi. Kinachosahaulika ni ukarabati. Jamii moja ilihama, nyingine ikaja, na waliokuja walizikuta kuta, wakaziba palipobomoka, wakaongeza walipohitaji. Maboma hayo yamefika hapa yakiwa yamesimama kwa sababu yalipata mikono mipya zaidi ya mara moja. Nchi za Afrika Mashariki zina mahodari wengi wa kuzindua kitu. Utepe unakatwa, bamba la shaba linafunuliwa, wimbo unaimbwa. Nani amewahi kuona waziri akikata utepe wa tundu la maji lililozibuliwa?

Mfano ulio wazi zaidi ni upandaji miti. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitangaza sikukuu ya taifa ili watu wakapande miti, sehemu ya azma ya kufikisha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Siku hiyo haikuwa mbaya. Watu wengi walishika mche kwa mara ya kwanza tangu shule ya msingi. Lakini mche uliopandwa mlimani pasipo njia ya kuufikia haumwagiliwi, haupaliliwi, hauchunguliwi. Moto wa Januari ukipita, hakuna anayejua hata kwamba uliwahi kuwapo. Njia iliyo safi hutoa huduma mbili wakati wa moto ambazo hazionekani siku za kawaida: ukanda wa udongo mtupu unaopunguza kasi ya moto wa nyasi, na mahali pa kupita watu wenye matawi mabichi wanaokimbia kuuzima. Anayechoma makaa kwa siri naye huipenda njia iliyokufa. Tanuri la makaa hufichwa mahali ambapo hakuna anayepita.

Kwa mfano mkubwa wa njia za msitu zilizookolewa na watu wa kujitolea nchini Kenya, lazima kuondoka ziwani na kwenda Nairobi. Msitu wa Karura una hekta kama 1,041 na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Miaka ya 1990 vipande vyake vilianza kugawiwa watu binafsi kimyakimya. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti kwenye lango la msitu, wakashambuliwa na vijana waliokodiwa. Maathai aliumizwa kichwa. Msitu ukasalia wa umma. Lakini kusalia wa umma si sawa na kutumika na umma. Kwa miaka mingi baadaye Karura ilikuwa jina la kutisha, mahali pa wezi na maiti zilizotupwa, na mtu mwenye akili timamu hakuingia peke yake.

Lililoubadilisha msitu huo lilikuwa njia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilikuwa imefungua mlango wa jamii kuunda vyama vya misitu na kusaini mikataba na Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Mwaka 2009 Marafiki wa Msitu wa Karura wakaundwa. Uzio ulijengwa, ndiyo, na maskauti wakaajiriwa kutoka vitongoji vya karibu, wengine wakiwa watu ambao kabla ya hapo waliutegemea msitu kwa kuni. Pamoja na uzio zikafunguliwa njia, leo karibu kilomita 50, na kila njia panda ikapewa namba kwenye nguzo. Namba hizo zinaonekana jambo dogo. Lakini mwanamke anayekimbia asubuhi akijikwaa, anaweza kupiga simu na kutaja namba, na skauti akamfikia. Watu wakaingia, na walivyozidi kuingia ndivyo wezi walivyokosa pa kujificha. Miguu ya watu ikafanya kazi ya ulinzi ambayo bunduki hazikuifanya kwa miaka kumi.

Hapa inafaa kusema ukweli usiopendeza. Karura imezungukwa na Muthaiga, Gigiri na Runda, mitaa ambamo mtu anaweza kutoa Jumamosi yake nzima bila mtu yeyote nyumbani kulala njaa. Anayetoka huko na glavu za bustani anajitolea, na apewe shukrani. Mvuvi wa Mfangano akitoa Jumamosi, ametoa samaki. Neno ni moja, kujitolea, lakini bei haifanani. Kuuchukua mtindo wa Karura jinsi ulivyo na kuupachika kisiwani ni kama kumpa mtu kiatu cha jirani kwa sababu kilimpendeza jirani.

Kalenda ya kisiwani inaandikwa na omena, yaani dagaa wa ziwa. Uvuvi wa omena hufanyika usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo vyombo vingi hupumzika. Hizo ndizo siku ambazo baraza la kijiji linaweza kuita watu mlimani na wakaja. Zaidi ya hayo, Kenya kwa kawaida hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Aprili na Mei ni miezi ya mvua ndefu, yaani miezi ile ile ambayo njia ya Kwitutu inachanwa na maji. Mikono iko huru wakati kazi inapoiva. Ni bahati ambayo mpanga mipango wa Nairobi, anayepeleka fedha na majembe Novemba kwa sababu mwaka wake wa bajeti unamruhusu Novemba, hawezi kuiona.

Lakini ni bahati yenye mwiba ndani. Miezi ya kufungwa kwa omena ndiyo miezi ambayo mifuko ni mitupu, na mifuko ikiwa mitupu, tanuri la makaa linavutia. Kumwomba mtu afyeke njia bure wakati huo, huku akipita kando ya mti ambao ungempa unga wa wiki nzima, ni kumwomba mengi. Wajaluo wana utaratibu wa kale wa saga: majirani hulima shamba la mmoja wao, naye huwapikia, na zamu yake ikifika naye huenda kwa wengine. Saga haikuwahi kuwa kazi ya bure. Ilikuwa kazi ya kulipana kwa kazi, na chakula kilikuwa sehemu ya mkataba. Wanaoiita kumbukumbu hiyo kila wanapotaka nguvukazi isiyo na gharama hukumbuka majembe na kusahau sufuria.

Haki za msitu nazo zinaingia hapa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 2005, inaruhusu chama cha jamii kilichosaini mkataba kupata haki za matumizi: kuokota kuni, kuvuna asali, kukata nyasi, kuchuma dawa, kuendesha utalii wa mazingira. Kwa misitu ya serikali iliyotangazwa rasmi, upande wa bara, huo ni mlango unaoeleweka. Kisiwani mambo yana mafundo zaidi. Katiba ya 2010 iligawa ardhi kuwa ya umma, ya jamii na ya binafsi, na njia moja ya mlimani inaweza kuanzia kwenye shamba la mtu, ikapita malisho ya ukoo, ikaishia kwenye pango ambalo linaguswa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Mwenye jembe anafyeka ardhi ya nani? Akipanda miti ya siala na ober kando ya njia ili kushika udongo, kivuli ni cha nani, na miaka 15 baadaye mbao ni za nani? Maswali hayo yasipojibiwa kwenye karatasi, hujibiwa kwa msumeno.

Hata Karura, yenye mawakili wa kutosha miongoni mwa wakimbiaji wake, haikuepuka. Mwaka 2025 KFS iliagiza ada za kuingia msituni zilipwe moja kwa moja kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na mvutano na Marafiki wa Karura ukafika mahakamani. Kiini cha ugomvi kilikuwa rahisi kuliko makaratasi yake: fedha zinazoletwa na njia zinapaswa kukaa umbali gani na njia yenyewe?

Wengine nao wametafuta majibu yao. Kakamega, mwaka 1995, waongozaji wageni wa kienyeji walianzisha mpango wa elimu ya mazingira unaojulikana kama KEEP, wakaufanya ujuzi wao wa vijia vya msitu kuwa somo kwa watoto wa shule za jirani. Marekani, njia ya Appalachian iliyopendekezwa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kukamilika 1937 ina zaidi ya kilomita 3,500, na kila kipande chake kina chama cha watu wa kujitolea chenye jina. Vyama hivyo ni 30 hivi. Siri yao haina ushairi: mtu anajua kwamba kutoka mwamba huu mpaka kijito kile ni mali ya mikono yake, na kikiharibika kila mtu anajua wa kuulizwa.

Pwani ya Kenya, Wamijikenda wana fikra nyingine. Misitu yao ya kaya, baadhi yake ikiwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, ina njia zake na malango yake, na kazi ya njia ni kuzuia sawasawa na kupitisha. Mgeni wa Kaya Kinondo hufungwa kaniki, huambiwa afuate njia, asiokote hata jani. Kuiacha njia kwenda kuchungulia ni kosa. Njia hapo ni kama jamvi lililotandikwa: linakuambia pa kuketi na, bila kutamka, pasipo pako.

Mfangano inahitaji fikra hiyo kwenye mapango yake. Mawanga na Kwitone kuna michoro ya miambani, duara ndani ya duara, miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha na wawindaji na wachumaji walioishi hapa kabla ya wakulima na wavuvi kufika, watu wanaokumbukwa kwa jina la Watwa, na wenyeji wamepahusisha mahali hapo na maombi ya mvua. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, kisiwani hapo hapo, yamekuwa yakiwapeleka wageni, na shirika la TARA la Nairobi, linaloshughulikia sanaa ya miambani Afrika, limeshirikiana na jamii kuitangaza na kuilinda. Mchoro wa namna hiyo hufa polepole. Vumbi linaloinuliwa na nyayo hutua juu yake. Vidole huacha mafuta. Mpiga picha asiye na subira humwagia mwamba maji ili rangi ing'ae, na kila maji yakikauka huacha chumvi zake.

Kwa hiyo mita za mwisho kabla ya pango ndizo ngumu kuliko kilomita zote za kupanda, na hazihitaji nguvu. Chini kote mfyekaji amekuwa akipanua, akizibua, akiondoa jiwe linalokwaza. Anapofika karibu na mwamba hubadili kazi. Huacha nyasi ziote ili vumbi lisiinuke. Huelekeza maji mbali na mdomo wa pango, upande wenye mteremko, hata kama ni kuchimba mfereji mrefu zaidi. Kisha hulaza gogo kukingama njia, hatua chache kutoka kwenye michoro, mahali ambapo macho yanafika na mkono haufiki, huliegemeza kwa mawe mawili lisiviringike, huchukua jembe lake na kuanza kuteremka kabla ya mawingu ya alasiri kufunga ziwani.